Dira ya Mwalimu, Kibla cha Baba

Vijana wakisikia kwamba nimetembea njia ya Kasongo na Kabambare tangu siku za misafara, hupenda kuniuliza kama ni kweli kwamba huko porini moyo hutulia. Huwajibu kwamba hutulia, ndiyo. Wangu ulitulia mara tatu katika safari moja. Lakini kila mara ulitulia wakati nisioutaka, na karibu na mtu ambaye sikutaka anione nimetulia, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza kumkasirikia.

Mtu huyo alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mgeni kutoka pwani, aliyefika Kasongo miaka kadhaa kabla vita havijauvuruga mji. Alikuwa mwembamba, msafi hata baada ya mvua, na alikuwa na dira. Sijui kama nimeeleza vya kutosha nikisema alikuwa na dira. Wanaume wengine wana mke, wengine wana shamba; yeye alikuwa na dira, ndani ya kikopo cha shaba chenye kifuniko, na aliipangusa kwa ncha ya kanzu yake kabla ya kupangusa uso.

Ijumaa moja baada ya sala alisimama akatuambia jambo ambalo likishasemwa hakuna awezaye kulibisha. Kule walikotoka baba zetu, Makka iko kaskazini moja kwa moja. Mtu huupa mgongo upepo wa kusi, akasali. Baba zetu walipoingia bara walikuja na kaskazini yao hiyohiyo, pamoja na kofia zao na mbegu zao za mpunga, wakajenga misikiti yao kuielekea.

"Lakini tumetembea miezi tukifuata jua linakozama," alisema mwalimu, "na Makka haikutufuata. Ipo palepale. Sisi ndio tuliosogea. Huku lazima mtu ageuke kidogo, aelekee mashariki zaidi."

Akafungua kikopo chake, akatuonyesha kwa mkono. Wazee wakanong'onezana. Msikiti wetu wa Kasongo ulikuwa umebomolewa ujengwe upya, kwa hiyo kwetu hapakuwa na shida, kamba zilipigwa upya tu. Kisha mzee mmoja akauliza, "Na Kabambare je?" Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Msikiti wa Kabambare aliujenga baba yangu.

Baba alikuwa fundi seremala wa Mrima, kule pwani. Alikuja bara kutengeneza milango na masanduku ya matajiri wa pembe za ndovu, akakaa. Mama yangu alikuwa Mbangubangu, wa kabila la wenyeji wa huku bara. Jinsi alivyofika nyumbani kwa baba hakupenda kuisimulia, na nilipomwuliza, uso wake ulinitosha nisirudie. Kazi nilifundishwa na baba, kwa ukali. Mlango uliopinda hata kwa upana wa ukucha aliuvunja mbele ya mwenyewe, akaanza tena, hata kama mwenyewe angelala mlango wazi. Uzeeni alihamia Kabambare na mke wake mdogo, akakuta watu wanasali penye uwazi, kila mmoja na upande wake. Akajenga msikiti kwa mikono yake, miti na udongo na paa la majani, umenyooka sambamba na njia kuu, hata watu wakawa wanasema hakuna kitu kilichonyooka Kabambare nzima isipokuwa msikiti wa fundi. Sifa hiyo aliipenda. Sikumjua kupenda sifa nyingine.

Siku chache kabla ya Ijumaa ile nilikuwa nimeletewa habari kwamba baba anakohoa, hawezi kuinuka, na anataka kuniona. Nilikuwa nimekwisha kufunga mizigo. Basi wazee, kwa kipaji chao cha kuchukua jambo zito na kuliongezea uzito, wakaamua kwamba mimi na mwalimu twende pamoja: mimi nikamwone baba, yeye akapime msikiti. Nilichokiogopa kilikuwa kimoja tu, na kilinikaa kifuani njia nzima: baba asije akasikia, kitandani pake, kwamba miaka yote hiyo amewasimamisha watu upande usio wao. Yeye, aliyevunja mlango wa mwenzake kwa upana wa ukucha. Ingemmaliza kabla ya kikohozi.

Nilimwambia mwalimu hivyo tulipokuwa tunatoka mjini.

"Sala si mali ya baba yako, fundi," alinijibu, kwa upole. Ule upole ndio ulionichoma.

Tulijiunga na msafara mdogo wa wapagazi wa chumvi na nguo. Adhuhuri ya siku ya kwanza tulipotua, mwalimu alitandika mkeka, akaweka dira juu yake, akainama, akanuna, kisha akainua uso kunitazama.

"Una chuma wewe?"

"Mimi ni seremala, mwalimu."

Sanduku langu la vyombo lilikuwa na tezo, patasi nne, randa, msumeno, keekee na nyundo mbili. Alinieleza kwamba sindano ya dira hupenda chuma, na chuma kikiwa karibu itasema uongo. Sanduku lazima liende mbali, hatua hamsini. Nikamwomba mpagazi aliyekuwa analibeba alisogeze. Alikuwa ameshalitua na ameshakaa juu yake.

"Muzigo nimeshaweka chini," akasema. "Mimi sibebe tena mupaka ngoma ilie."

Hiyo ndiyo desturi ya wapagazi na hakuna wa kuwabishia. Mzigo ukishatuliwa umetuliwa. Basi nililibeba mimi, hatua hamsini ndani ya manyasi yaliyonipita kimo, kisha nikarudi, nikasali, nikaenda tena kulichukua. Kwa kuwa msafiri ana ruhusa ya kuunganisha sala, ilikuwa mara tatu kwa siku. Nilimshukuru Mungu kwa ruhusa hiyo kuliko nilivyowahi kumshukuru kwa chakula.

Na isidhaniwe kwamba sanduku likishaondoka mambo yalikwisha. Kulikuwa na visu vya wapagazi. Kulikuwa na jembe la mpishi. Siku ya pili sindano ilikataa kutulia mpaka mwalimu akagundua kifungo cha chuma kwenye mkanda wangu, na akanisimamisha mbele ya watu nimeshika shuka yangu kwa mkono mmoja kama mwari aliyetoka kuoga. Alipomaliza kupima, wale wapagazi wenye kusali walikuwa wameshasali, wakielekea pale kirangozi wa msafara alipowaonyesha kwa kidevu, na sasa walikuwa wanatafuna mihogo na kututazama sisi wawili.

"Na sala yao itapokewa?" niliuliza.

"Wao hawana dira," akajibu. "Aliye nayo ndiye anayeulizwa."

Nilitamani sana kuwa mmoja wa wasio nayo.

Siku ya tatu tulilala juu ya kilima cha nyasi fupi. Alfajiri kulikuwa na ukungu mzito hata wapagazi walikuwa wanaitana ili wajuane. Nikajitwika sanduku, nikaanza kuhesabu hatua, na katikati ya hesabu nilikuwa ninamsema mwalimu kwa maneno ambayo seremala hujifunza akigonga kidole. Nilipofika hamsini kilima kikawa kimekwisha. Mbele yangu kulikuwa na bonde, na ukungu ulikuwa unaondoka bondeni kutoka chini, taratibu, vichwa vya miti vikawa vinatokea kimoja kimoja. Kisha kasuku wakaruka. Sijui walikuwa wangapi, walitoka ndani ya ule msitu wote kwa pamoja, kijivu juu ya kijivu, na mikia yao ile myekundu, wakipiga miluzi, wakapita juu ya kichwa changu, wakaenda. Halafu kukawa kimya.

Nilisimama pale na sanduku kichwani. Sikusikia uzito wake. Sikumfikiria baba, sikumfikiria mwalimu, hata mimi mwenyewe sikujikumbuka. Nilifurahi, na ndani ya ile furaha nikaogopa, nikajua tu kwamba sistahili kuonyeshwa kitu kile na bado nimeonyeshwa. Machozi yalinitoka. Na kama nilikuwa nimekipa kibla mgongo, basi nilikipa kabisa, cha mwalimu na cha baba pia.

"Fundi!" mwalimu akaita kutoka ukunguni. "Tayari!"

Nikarudi nikasali nyuma yake, na sala nzima niliwaza shingo yangu inavyouma. Hilo lilinikera kuliko mengine yote. Baadaye tukila aliniambia nilikawia. Nikamwambia nilikuwa naangalia kasuku.

"Ulikuwa umeelekea wapi?" akauliza.

Nilinyanyuka nikaenda kula na wapagazi.

Siku mbili baadaye, adhuhuri, tulikuwa tumeketi kando ya njia. Njia ilikuwa nyembamba, na mkeka wa mwalimu ulikaribia kabisa pale miguu inapopita. Sanduku nilikuwa nimekwisha kulipeleka. Sindano ilikuwa imetulia. Tukasikia mnyororo kabla ya kuona watu.

Ulikuwa msafara mkubwa, ulitoka nyuma yetu ukielekea maziwani na pwani, na katikati yake walitembea watu waliofungwa shingoni, wanaume mbele, wanawake nyuma. Walipopita karibu na mkeka, sindano ikaanza kuyumba. Kila shingo ilipopita, sindano iligeuka kidogo, ikarudi, ikageuka tena. Mwalimu alikuwa ameinua kidole kimoja, anangoja. Mwanamke mmoja alitazama mkeka, akatazama kikopo cha shaba, akanitazama mimi. Alikuwa na chale za mashavuni kama za mama yangu. Walichukua muda mrefu kupita.

"Sasa imetulia," mwalimu akasema.

Sikusali adhuhuri ile. Nilisimama, nikainama, nikasujudu, lakini sikusali. Hasira zangu nyingine zote ninazozisimulia hapa naweza kuzicheka sasa. Hii sijui niiweke wapi mpaka leo, maana nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Milango niliyoichonga Kasongo, nikaisifu kwa kunyooka kwake, ilifungwa na watu wenye minyororo hiyo, na mkate wangu ulitoka kwao. Jioni mwalimu hakula. Tulilala mapema.

Siku ya saba tukafika Luama. Mvua ya usiku ilikuwa imeujaza mto, maji yalikuwa mekundu na yana haraka. Mwenye mtumbwi alikuwa mzee wa hapohapo, mkavu, asiye na salamu nyingi. Mwalimu alianza mara moja. Sanduku langu lisipande mtumbwi mmoja na yeye. Niliuliza kama anakusudia kusali katikati ya mto. Akasema hapana, lakini dira ikikaa karibu na chuma kingi kwa muda inaweza kuharibika tabia. Alisema hivyo hasa, kuharibika tabia, na mzee wa mtumbwi akanitazama kuuliza kama huyu mtu ni mzima.

Basi sanduku likaenda mtumbwi wa pili na sisi wa kwanza. Katikati ya mto mzee akainua kasia nje ya maji.

"Munyamaze," akasema kwa sauti ya chini. "Kiboko iko chini. Musitikise mutumbwi."

Tukanyamaza. Hata maji, kama kwamba nayo yalisikia, yalikuwa na utulivu pale. Tulikuwa tumeingia mahali ambapo mto unazunguka polepole. Mtumbwi ukaanza kugeuka. Ukingo tulikotoka ukapita mbele yangu, kisha kisiwa cha matete, kisha ukingo tunakokwenda, kisha tena tulikotoka. Mwalimu alikuwa ameketi mbele yangu, ameshika dira magotini, kifuniko wazi. Hofu ilimfanya aifungue, nadhani. Nikainama nikaangalia. Kikopo kilikuwa kinageuka, mikono ya mwalimu ilikuwa inageuka, mtumbwi na mzee na kasia lake na miti yote ya Luama vilikuwa vinageuka, na ile sindano ilikuwa imesimama. Haikutujali hata kidogo.

Siku saba nilikuwa nimekichukia kitu kile. Nilikuwa sijawahi kukiangalia. Nikashikwa na kicho ambacho sijui kukieleza, kwamba kuna jambo limesimama wakati sisi tunazungushwa, na kwamba lingesimama hivyohivyo hata kama sote tungezama. Moyo wangu ukawa kimya kabisa. Hofu ya kiboko ikaniondoka.

"Subhanallah," mwalimu akanong'ona.

Na mimi nilikuwa nalo neno hilohilo mdomoni. Nikalimeza, kwa sababu sikutaka tulitamke pamoja.

Tulifika Kabambare siku ya tisa, jua likiwa bado liko juu. Mama mdogo, yule mke wa baba wa uzeeni, alinipokea mlangoni akanishika mikono yote miwili.

"Umefika. Baba yako iko anakuuliza kila asubui," akasema. "Anasema, mutoto wangu iko njia gani? Mimi nasema, iko karibu. Siku ine nasema, iko karibu."

Baba alikuwa amelala kwenye kitanda chake cha kamba karibu na mlango, mahali ambapo aliweza kuuona msikiti. Ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alikuwa amekwisha, mifupa mitupu, ila macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lete mikono." Akanipapasa viganja, akatafuta sugu. "Bado unafanya kazi. Paa la msikiti linavuja juu ya mihrabu. Umekuja na tezo?"

Hakuniuliza habari za njia. Nilimwambia nimekuja nayo. Kisha nikamjulisha mwalimu, na baba, ambaye maisha yake yote aliwaheshimu watu waliosoma kwa sababu yeye hakusoma, akajaribu kuinuka.

"Mwalimu, alasiri utasalisha wewe," akasema. "Nataka niisikie sauti ya msomi kutoka humu ndani."

Tulikwenda kupima kwanza. Sanduku niliacha nyumbani, na mkanda pia, bila kuambiwa. Ndani ya msikiti mlikuwa na ubaridi na harufu ya majani makavu. Mwalimu akaweka dira sakafuni, nami nikapiga magoti upande wa pili. Kutoka kwenye mihrabu ya baba, pale ukutani anaposimama imamu, hadi mahali mwalimu aliponyooshea kidole palikuwa na pima nzima ya ukuta, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Nikazitazama nguzo. Nilitafuta hata moja iliyoinama, nisiione. Baba alikuwa amejenga kitu kilichonyooka kabisa, kuelekea mahali ambapo sipo.

"Nitawatangazia baada ya sala," mwalimu akasema.

"Utawatangazia na yeye anasikia. Nyumba ile pale."

"Fundi, nimekwisha kukuambia."

"Nipe siku zilizombakia," nikamwambia. "Sikuombi nyingine. Ukimtazama unaona si nyingi." Nilikuwa nanong'ona, na kunong'ona kwa hasira ni kazi ngumu. "Njia nzima nimekubebea sanduku. Hilo moja tu."

Mwalimu akafunga kikopo, akakitia mfukoni.

Alasiri watu wakajaa, wakamsukuma mbele mgeni msomi awasalishe. Angesimama mbele angelazimika kugeuka, na wangeona wote. Mwalimu akashika kifua, akakohoa.

"Unyevu wa mto umeniingia," akasema. "Asalishe mwingine."

Alikwenda safu ya nyuma kabisa, pembeni, nami nikamfuata. Nilipoinama niliiona miguu yake chini ya kanzu. Alikuwa ameigeuza kidogo, kuelekea mashariki, pale ambapo hakuna aliyeweza kuona isipokuwa mimi. Niliporudi nyumbani baba alisema, "Yule mwalimu ana kikohozi. Mpeni tangawizi." Wakampa tangawizi siku mbili mfululizo, na yeye hakuweza kuikataa, na ninakiri kwamba nilifurahi.

Siku ya tatu mchana baba aliniita. Sauti ilikuwa imekwisha kupungua.

"Nigeuze," akasema.

Kila Mwislamu anajua maana ya neno hilo. Mtu akijiona anaondoka hulazwa ubavu wa kulia, uso uelekee kibla. Mama mdogo akashika miguu ya kitanda, mimi nikashika upande wa kichwa, tukakiinua. Baba akatoa mkono ndani ya shuka, akanyoosha kidole. Kaskazini. Moja kwa moja, mgongo kwa upepo wa kusi, kama alivyofundishwa utotoni.

Nikasimama na uzito wa kitanda mikononi. Mwalimu alikuwa mlangoni. Nilimtazama, naye akanitazama, na mfukoni mwake nilikiona kile kikopo kimejitokeza. Nilikuwa namchukia tena, kwa sababu kabla yake ningekigeuza kitanda na kwisha, sasa nilijua. Yeye ndiye aliyenijulisha. Mama mdogo akasema, "Mikono yangu inachoka." Mwalimu akaketi chini pale kizingitini, akaanza kusoma Yasini.

Nikakigeuza kitanda kuelekea kidole cha baba.

Alitazama ukuta uliokuwa mbele yake, na uso wake ukalegea. Sauti ya mwalimu ilikuwa nzuri kweli, baba aliipata mwishoni. Nilikaa nyuma yake, mkono wangu juu ya bega lake, na ikanijia ile hali ya kilimani na ya mtoni, ya tatu, kimya kilekile, kipana, bila haraka. Sikuwa na hasira na mtu yeyote. Nilimpenda baba sana, na nadhani nilimpenda hata yule mwenye dira. Pumzi za baba zilikuwa zinachelewa. Halafu moja haikuja, na sisi tukaendelea kukaa.

"Kaburi?" mwalimu aliniuliza baadaye, uani, kwa sauti ya chini.

"Pima," nikamwambia.

Kitandani nilimpa alichotaka. Kaburini sikuthubutu, maana huko angekaa muda mrefu. Mwalimu akaweka dira chini, mimi nikayaondoa majembe hatua hamsini, akachora mstari, nikachimba. Tulimlaza ubavu wa kulia akiuelekea mstari ule. Watu walipomaliza kufukia, wakarudi nyuma wakaangalia, na wakaona kila kitu, kwa sababu kaburi lilikuwa kando ya msikiti na halikwenda sambamba nao.

"Kaburi iko upande," mzee mmoja akasema. "Haifuate ukuta wa musikiti. Moja kati ya vitu hivi imepinda."

Mwalimu akafungua mdomo.

"Kaburi," nikasema mimi kabla yake. "Nimekosea. Nilikuwa nachimba sioni vizuri. Lakini udongo umekwisha kurudi, tusimsumbue tena."

Wakanihurumia. Mmoja akanipigapiga mgongoni. Kusema neno lile kulinigharimu kuliko kuchimba, mimi niliyelelewa kuvunja mlango kwa upana wa ukucha. Tulipobaki wawili nilimwuliza mwalimu lililokuwa linanikaba, kwamba sala zote zile za baba, za miaka yote, zimekwenda wapi.

"Zinapokewa na Mungu," akasema, "si na dira."

Nikamwuliza kwa nini neno hilo hakulisema Kasongo, kabla ya siku tisa za mguu. Akasema hakuna aliyemwuliza.

Nilikaa Kabambare mpaka arobaini ilipokwisha. Katika siku hizo nilitengeneza paa, na katika kutengeneza nikapata nguzo moja iliyoguswa na mchwa. Moja tu, na kwa chini kidogo. Nikaing'oa, nikaizungusha mji mzima, nikamwonyesha kila mtu, nikasema msikiti wote uko hivi, utawaangukia mkiwa mmesujudu. Wakaniruhusu kuubomoa. Nikaujenga tena kwa miti ileile ya baba, na kwa kamba niliyoivuta mwenyewe asubuhi moja wakati watu wako mashambani, mwalimu ameinamia kikopo chake na vyombo vyangu vyote vikiwa mbali. Ulipokwisha, mwalimu aliuzunguka mara moja.

"Mchwa wa nchi hii ni wabaya sana," akasema.

Siku ile alisalisha yeye. Kifua kilikuwa kimepona.

Lakini watu wana macho. Msikiti wa baba ulikwenda na njia kuu, na wangu haukwenda nayo. Walinung'unika kidogo mbele yangu, na sana nyuma yangu, na tangu hapo hakuna mtu wa Kabambare aliyenipa kazi ya mlango, wala ya sanduku, wala ya kigoda.

Mara ya mwisho kupita huko nilikuwa tayari nina mvi, na hakunitambua mtu. Nilisali adhuhuri ndani ya msikiti ule, kisha nikawa natafuta viatu vyangu mlangoni karibu na wanaume wawili waliokuwa wamekaa kupumzika. Mmoja alikuwa mgeni, akauliza kwa nini nyumba ya Mungu imekaa upande namna ile, pamoja na kaburi lililo kando yake.

"Zamani ilikuwa inanyooka," mwenyeji akamjibu. "Iliharibiwa na mutoto. Alipindisha kaburi, akapindisha na musikiti. Fundi ilikuwa baba yake."

Wakanitazama mimi, mgeni mzee, waone kama nina la kuongeza. Nikawaambia kwamba hata mimi ndivyo nilivyosikia.